Ulaya Kibaoni: Mwongozo wa Krismasi kwa Asiyejua

Picha umeziona. Kibao cha mti kimelazwa mezani, juu yake nyama kavu iliyokatwa nyembamba na kukunjwa kwa maringo, jibini za rangi tatu, zabibu, lozi, biskuti za chumvi na kibakuli cha asali. Watu wamesimama, wanadonoa. Kila mmoja anachukua anachotaka. Hakuna anayepakua, hakuna anayenawisha wenzake, hakuna mtoto anayefukuzwa. Wafaransa na Waitaliano walikausha nyama ya nguruwe ili iwavushe majira ya baridi. Wajukuu zao wakaipandisha kibaoni, ikawa sherehe. Nawe umeamua kwamba mwaka huu, ukoo utakapokutana Kilosa, utakula Krismasi kwa mtindo huo. Hongera. Maelekezo ni haya. Yafuate kwa mpangilio, usiruke hata moja, na usimwambie mama yako kabla ya jioni ya tarehe 24. Atajua mapema, lakini asijue kwako.

Anza na kibao chenyewe. Nyumbani kipo cha kusukumia chapati, kiache kilipo. Ukikatia mbuzi pale, chapati zitasimulia habari za mbuzi mpaka Pasaka, na msimamizi wa chapati ni shangazi yako. Nenda kwa seremala. Omba ubao wa mninga, mpana, uliopigwa randa pande zote, usiopakwa vanishi. Atakushauri upakwe vanishi. Kataa. Ataupaka. Wazee wakikuuliza wazo hili umelitoa wapi, wajibu kwamba ni la Ulaya. Wilaya ya Kilosa ina kata inayoitwa Ulaya, na ndani yake mna kijiji cha Ulaya Kibaoni, kwa hiyo hujamdanganya mtu. Hata hivyo weka na sinia karibu. Utalihitaji ifikapo saa nane mchana, kibao kikishapata mtu wa kukikalia.

Sasa nyama. Kwenye picha ni nguruwe. Simama hapo hapo. Chukua ukoo wowote wa Kilosa uutazame: baba mdogo ni katekista, shemeji anafundisha madrasa, bibi alibatizwa lakini hajawahi kukosa futari, na mjomba wa Kimamba anasali anakokaribishwa. Wote hao watakaa mkeka mmoja. Kwa hiyo mnyama wako ni mbuzi, na atakayemchinja ni Mwislamu. Haijalishi kwamba sikukuu ni ya kuzaliwa kwa Yesu na mbuzi kafugwa uani kwa paroko. Hakuna atakayekuamuru. Utaona tu jirani kafika, kasalimia, kakaa, na kasema ameshiba tangu asubuhi. Mwenye kiti hajui, mwenye kikombe hajui, ila jirani anajua, mkeo anajua, na mwakani jirani atakuwa amesafiri. Mwite mchinjaji alfajiri, mpe kisu kikali, usimwelekeze kibla. Hatataja malipo. Hiyo haimaanishi kwamba hayapo.

Kitimoto, yaani nguruwe, nayo ina mahali pake, ila si kibaoni. Mahali pake ni kibanda cha upande wa pili wa barabara, chenye moto wake, kisu chake, karai lake na watu wake. Watu hao watatoweka wawili wawili kuanzia saa tano, watarudi midomo ikiwaka mafuta, watanawa mara mbili na kusema walikwenda kununua vocha. Kila mtu pale nyumbani anajua, pamoja na mwalimu wa madrasa. Usiulize vocha ya shilingi ngapi.

Mbuzi anunuliwe mapema. Kilosa ni nchi ya wafugaji, na mifugo ya Wamasai wa Parakuyo na Twatwatwa imewalisha watu wa mjini na wa njiani kwa miaka mingi, kwa hiyo mbuzi hawakosekani. Kinachokosekana ni bei ya jana. Kila siku baada ya tarehe 15 Desemba bei inapanda, na inapanda tena ukifungua mdomo ukaongea Kiswahili cha Dar. Ukitaja kwamba umekuja na treni ya SGR, umeshanunua mbuzi wawili kwa hesabu ya muuzaji. Mtume binamu anayeishi huku. Yeye atanunua kwa bei nzuri, atakutajia bei nyingine, na tofauti yake ni ada ya ushauri. Mbuzi akifika, mfunge kivulini, mpe majani, na usiruhusu watoto wampe jina. Akishapata jina utakula Krismasi na maharage.

Ukiwa upande wa Mikumi utakutana na jaribu ambalo wa Kilosa mjini hulisikia tu. Giza likiingia atabisha mtu usiyemjua vizuri, ana mfuko, na mfukoni mna nyama nyeusi, kavu, iliyokatwa vipande virefu vyembamba. Utashtuka: hii ndiyo hasa ile ya kwenye picha! Haswa, imekaushwa, imekatwa, iko tayari kupangwa. Muuzaji anazungumza nawe huku macho yakiwa barabarani. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na mfuko ule unatoka humo. Kanuni iliyoko mtaani ni kwamba nyama ya namna hii haiulizwi jina. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yenyewe inauliza jina, kibali, na jina lako pia. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni za kuuza nyamapori kwenye bucha zenye leseni. Bucha hizo zina risiti, nawe ukiitaka nyama hiyo, tafuta risiti. Usimnunulie mtu wa mlangoni. Kibao chenye nyama ile kikipigwa picha, picha huitwa kielelezo.

Mkaa ndio sehemu pekee ya kazi hii ambayo Kilosa inaijua kuliko Ufaransa. Kuanzia mwaka 2012, kwa fedha za Uswisi, vijiji kadhaa vya wilaya hii viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu, na Ulaya ile ya kwako imo. Msitu wa kijiji unagawanywa viraba. Vinavunwa vichache, visiki vinaachwa vichipue, na kiraba kilichovunwa hakirudiwi mpaka ipite miaka 24. Fedha inaingia kijijini, na kijiji kinajenga. Nunua mkaa huo, dai stakabadhi, na ujisikie vizuri. Usinunue gunia la kando ya barabara lililopigwa kilemba cha majani, maana juu ni mapande na kuanzia shingoni kwenda chini ni chenga tupu. Utawasha moto saa tatu. Saa tatu na nusu utaona hauwaki. Kuna mtu atapendekeza mafuta ya taa. Msitu umekubali kusubiri miaka 24; wewe utashindwa kusubiri dakika 40, na nyama ya saa sita itanukia kibatari.

Mchoma nyama usijifanye wewe. Tafuta wa kazi hiyo, na kama una muda nenda ukamtazame kwanza Mikumi, pale barabara ya TANZAM inapotoka hifadhini na madereva wa malori wanaposhuka kunyoosha miguu. Utajifunza zaidi kwa nusu saa pale kuliko kwenye simu. Nyama inapimwa mbichi. Unachagua mwenyewe, paja au mbavu, unaambiwa kilo, unalipa kilo, na kinachorudi kutoka motoni ni pungufu, wala hakuna anayelizungumzia pungufu hilo. Ukiuliza bado muda gani utajibiwa dakika kumi. Dakika kumi ni salamu. Kisha anakuja na kibao. Ndiyo, kibao! Gogo limechakaa katikati kwa visu vya miaka, halina vanishi, kona moja ina kifungu cha chumvi na nyingine pilipili na ndimu iliyokatwa nne. Anaiweka nyama nzima mbele yenu, anaishika kwa vidole viwili kwa sababu inaunguza, na kisu kinaanza kugonga mti, kwanza mfupa, kisha mnofu, kisha zile kingo zilizokauka ambazo kila mtu anazitaka na hakuna anayezinyooshea mkono. Kumbe nchi ilikuwa na kibao cha nyama kabla hujapata simu. Lakini wewe endelea na mpango wako.

Sheria ya mchoma nyama ni moja nayo ni hii: kipande cha kwanza anapewa anayelipa. Anakikata kidogo, anakutolea mkononi, na watu wote wananyamaza. Tafuna polepole. Tazama mbali. Kisha sema, “Chumvi kidogo.” Atasema, “Sawa, bosi.” Hataongeza. Usiposema kitu ataona hujui nyama, na kilo itakayofuata itakuwa ya shingo.

Kachumbari iwe nyingi, ifunike pale nyama itakapokuwa haitoshi. Vitunguu ni vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula, vyote vinateremka na barabara hiyo hiyo. Kata nyembamba, osha kitunguu kwa chumvi, kamulia ndimu. Zabibu achana nazo. Desemba ina maembe, nayo hayana gharama kwa sababu yanakuangukia. Badala ya jibini weka maziwa ya mgando, ila yaweke ndani ya kibuyu, maana kibaoni hayakai. Mua uliomenywa unapendeza kwenye picha na unawapa wazee wasio na meno nafasi ya kukukumbusha kwamba hawana meno. Ukiwa Mikumi, usikiache kibao peke yake nje hata dakika mbili: ngedere wana njaa na hawana haya. Weka mtoto akilinde. Hesabu vipande kabla ya kumweka mtoto, kisha uhesabu tena ukimwondoa, uone kama ngedere wangekuwa ghali zaidi.

Fikiria na mvua. Kilosa haifanyi mzaha na Desemba. Mwishoni mwa mwezi huo mwaka 2009 Mto Mkondoa ulifurika, ukavamia makazi na kukata reli, na watu wengi wakaufungua mwaka mpya kwenye mahema. Kwa hiyo mkeka utandikwe mahali palipoinuka, na turubai liwepo. Turubai ni la mjomba. Atalileta, atalifunga mwenyewe, na atakukumbusha hilo kwenye kila msiba.

Tumefika kwenye kupanga, nako ndiko watu wengi huangukia. Picha inadhani nyama haina mwenyewe mpaka mtu aichukue. Huku nyama ina mwenyewe tangu mbuzi akiwa amesimama. Kabla hujaweka kipande chochote kibaoni, jua kilikuwa cha nani.

Maini na figo hayatafika. Usiyasubiri. Huchomwa kwanza, pale pale penye moto, na huliwa na waliomshika mbuzi miguu, waliochuna, walioleta kuni, na mtu mmoja aliyepita njia akasema, “Za kazi?” Hayo ni malipo ya jasho, na ukijaribu kuyaokoa ili upambe kona ya kibao utaambiwa mbuzi huyu hakuwa na maini. Kubali.

Kuku nao wana orodha yao. Kama umeongeza kuku wa kienyeji kwa ajili ya wingi, jua firigisi ni ya mwenye nyumba. Ni kipande kidogo, kigumu, kisichoshibisha mtoto wa miaka miwili, na katika nyumba nyingi za nchi hii kimewahi kuvunja ndoa au kuikaribia. Usikiweke kibaoni katikati ya wengine. Ukikiweka, hivi ndivyo itakavyokuwa. Binamu yako wa Dar, mtu msomi, hajui kitu, ana kijiti mkononi, atakichoma, atakiinua, na kabla hakijafika mdomoni wanawake wote watakuwa wamemtazama babu, na babu atakuwa anatazama mwembe. Hatasema kitu. Atauliza tu kama kuna chai. Siku hiyo nzima babu atakunywa chai. Mpelekee firigisi yake mapema, kwenye kisahani, na ikifunikwa itapendeza zaidi.

Paja ni la wakwe. Mbavu ni za wageni waliotoka mbali, umbali ukipimwa kwa nauli. Mgongo na shingo ni vya wenyeji wanaojiheshimu. Miguu ya kuku na vichwa vyake ni vya watoto, nao huviita nyama. Kichwa cha mbuzi na kongoro visiguswe kabisa leo, nitakwambia sababu. Na mume wa binti usimkalishe mahali mama mkwe anapoweza kuuona mdomo wake. Akionekana hatakula, asipokula mama mkwe ataona kadharauliwa, na atalaumiwa mpishi. Mpishi ni wewe. Ukimaliza kuwagawia wote hao kichwani mwako, tazama kibao kimebaki na nini. Kimebaki na kachumbari.

Ipange hiyo vizuri.

Wageni wa mbali sasa ni tatizo jipya. Zamani reli ilikuwa upande wa mpishi: treni ya reli ya kati ilichelewa, na kila saa iliyochelewa ilikuwa saa ya kuongeza maji kwenye mchuzi. Tangu tarehe 25 Julai 2024 SGR inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na Kilosa ni stesheni yake. Wanafika kwa wakati. Wanafika wamelala vizuri, wana njaa, na wewe ungali unatafuta kisu. Wanaokuja kwa gari kupitia Mikumi bado ni waungwana. Watachelewa na watasema tembo alisimama katikati ya barabara. Barabara inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, ina matuta, ina vibao vinavyotaja faini ya kumgonga mnyama, na huo ndio udhuru pekee nchini usiohitaji ushahidi. Watakaochelewa kuliko wote ni wa nyumba ya tatu kutoka kwako. Ukiwaalika saa saba watakuja saa kumi, wameoga, na watauliza mbona mmeanza.

Picha piga sasa. Pigia juu, kibao chote kionekane. Usisubiri sala, kwa sababu sala ataisoma baba mdogo, katekista, ambaye mwaka mzima hupewa dakika chache kanisani. Ataombea chakula, walioandaa, waliosafiri, walioko hospitali, mvua iwe ya kiasi, reli, taifa, na waliotangulia mbele ya haki, kwa majina. Mafuta ya mbuzi yataganda mbele ya macho yenu. Mtu akisema “Amina” kwa nguvu kabla ya wakati, baba mdogo ataanza upya.

Baada ya sala kuna kunawa. Kijana mdogo kuliko wote wanaoweza kubeba jagi anazunguka na jagi na beseni, anaanza kwa mkubwa, anashuka. Usimruhusu aanzie aliye karibu. Mpangilio wa kunawa ndio mpangilio wa kula, na umri ukilingana, hurejewa mwaka wa kuolewa.

Kisha karibisha watu kibaoni. Sema kwa sauti, “Karibuni, kila mtu achukue anachopenda.” Hakuna atakayeinuka. Watakutazama kwa upendo. Rudia. Mjomba wa Kimamba atasema, “Ahsante, wewe anza.” Usianze. Ukianza wewe, umekula kabla ya wazee. Usipoanza, hakuna wa kuanza. Mtakaa hivyo. Mtoto mmoja atachukua kipande cha mua na kupigwa jicho. Hapo bibi ataegemea upande wa mama yako na kuuliza, kwa ile sauti ya chini inayofika mpaka barabarani, “Hivi vya kuonja tumeviona. Chakula kiko wapi, mwanangu?”

Mama yako atainuka. Hatasema neno. Atakwenda nyuma ya nyumba na kurudi na pilau.

Ilikuwapo tangu saa tano. Ilikuwa imepaliwa mkaa juu ya mfuniko, mkaa wako huo wenye stakabadhi, na shangazi alikuwa ameilinda muda wote ulipokuwa unapanga kachumbari. Itashuka kwenye masinia: la wanaume, la wanawake, na la watoto lililo mbali kidogo, lenye kelele. Nyama yako ya kibaoni itakusanywa na kumwagwa juu ya pilau, katikati. Usipinge. Tazama ujifunze. Kila mtu anakula upande wake. Mkono haupiti mbele ya mwenzio, wala haupandi kati. Wali unapungua, nyama inabaki imesimama yenyewe, na watu wazima wenye njaa ya tangu alfajiri wanazungumza habari za bei ya mahindi kana kwamba hawaioni. Wali ukikaribia mwisho, babu, aliyekwisha kupata firigisi yake na kusamehe, ananyoosha mkono. Anagawa. Hiki chako, hiki chako, hiki cha mgeni. Hapimi, hahesabu, hakosei. Katika dakika moja kazi yako ya wiki tatu inakuwa imemaliziwa na mtu asiye na simu. Angalia kibao kilipo sasa. Nilikwambia kitakaliwa.

Kipande cha mwisho kitabaki katika kila sinia. Usikiguse. Kila mtu anakitaka, kila mtu atakisogeza kwa mwenzake, na kila mwenzake atasema ameshiba. Kitarudi jikoni kikiwa na heshima zake zote, na kitaliwa na aliyekuwa anaosha vyombo, amesimama, kwa haraka.

Kufungasha kunaanza kabla hujaketi. Zamani shangazi alikuja na mfuko wa plastiki uliokunjwa ndani ya pochi. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na serikali ilidhani imesaidia mazingira tu. Sasa shangazi anakuja na hotipoti. Inafunga, haivuji, inahifadhi moto, na inabeba mara tatu ya mfuko. Usimuulize ni ya nini; atasema ni ya mgonjwa. Kila shangazi ana mgonjwa. Mpakulie kwa ukarimu, maana asipotosheka, ugonjwa utatajwa jina na wewe utahusishwa nao.

Kuhusu kreti za soda, hesabu chupa tupu kabla watu hawajatawanyika. Mwenye duka anazijua zote kwa idadi, na chupa moja ikipotea rehani yako inapotea nayo. Zitafute chini ya mwembe, nyuma ya choo, na kwa watoto, ambao wamezijaza mchanga.

Jioni watu watakuaga. Watakushukuru kwa pilau. Pokea shukrani, sema, “Karibuni tena,” na usieleze kwamba pilau haikuwa yako, kwa sababu wanajua. Kibao kioshe kwa majivu na ndimu, ukianike, kisha ukimkabidhi shangazi. Tayari kashakipimia chapati, na vanishi haimsumbui.

Sasa lile la kichwa na kongoro. Viweke kwenye sufuria kubwa usiku huu huu, tia maji, chumvi na tangawizi, acha moto mdogo mpaka asubuhi. Usilale mbali na jiko. Tarehe 26 Desemba nayo ni sikukuu ya kitaifa, kazi hakuna, na wote uliowaaga jioni watakuwa mlangoni kabla ya saa mbili asubuhi, wamekuja kunywa supu.